chmod kwenye kiungo: unagusa nini hasa?

Leo tuangalie ruhusa za viungo katika Linux, maana wiki hii zimezua kelele katika chama kimoja cha akina mama hapa Malindi.

Faili yao ya mikopo imo kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi. Ruhusa yake ilikuwa 640: mweka hazina anaandika, kamati inasoma, basi. Kijana mmoja aliombwa aweke kiungo cha faili hiyo kwenye folda ya wote. Akiwa ndani ya akaunti ya mweka hazina, akakipa kiungo ruhusa 666, akiamini amegusa kiungo tu. Kesho yake kila mwenye akaunti aliweza kusoma madeni ya jirani yake, na hata kuyabadilisha!

Kiungo ni kama kibao cha barabarani cha kuelekea magofu ya Gede. Kinakuonyesha njia, lakini tiketi unakata langoni. Ruhusa ni mambo ya langoni.

Nimejaribu kwenye ext4, XFS na Btrfs:

ln -s mikopo.ods kiungo
chmod 600 kiungo
ls -l

Kote jibu ni moja. Kiungo kimebaki lrwxrwxrwx, faili yenyewe ndiyo imebadilika. Herufi zile za kiungo Linux haiziangalii kabisa inapofuata njia.

Nikajaribu chmod -h, yaani usifuate, gusa kiungo chenyewe. Kiungo hakikubadilika. Zamani baadhi ya mifumo ya faili ilibadilisha ruhusa ya kiungo huku ikirudisha ujumbe wa kosa. Tangu Linux 6.6 ya mwaka 2023, kiini chenyewe kinakataa, mfumo wowote wa faili uwao. Mac nayo hukubali chmod -h. Flashi ya exFAT hata kiungo haipokei.

Jambo jingine: chmod -R huviruka viungo inavyokutana navyo ndani ya folda. Kwa hiyo usidhani imefunga kila kitu.

Kabla ya kubonyeza Enter, andika readlink -f kiungo uone kinaelekea wapi, halafu weka ruhusa kwenye faili yenyewe. Chama kimerudisha 640, na mweka hazina analinganisha kila deni na daftari la karatasi, mstari kwa mstari.

Jaribuni nanyi, ila kwa faili isiyo na pesa za watu.