Bengamisa, Mahali pa Herufi Tisa

Ukitoka Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville hadi 1966, ukashika njia ya kaskazini iendayo Banalia na Buta, baada ya kilometa kama 50 utafika Bengamisa. Msitu u pande zote mbili za njia. Katika nchi ya namna hiyo sauti hutangulia, miguu hufuata.

Basi tulitazame jina la mahali. Lina herufi tisa, na ndani yake mna M na N. Mtoto aliyejifunza Kifaransa shuleni huzitaja “em” na “en”. Redio ikikoroma, nani atazitenga? Kadhalika B na D hufanana kama mapacha. Kwa sababu hiyo marubani huipa kila herufi neno zima. Kwao Bengamisa ni Bravo, Echo, November, Golf, Alfa, Mike, India, Sierra, Alfa.

Maneno hayo yalianza kutumika rasmi katika usafiri wa anga tarehe 1 Machi 1956. Kabla yake M iliitwa Metro, na N iliitwa Nectar. Lakini Nectar ilichanganywa na Victor, ikaachwa. Juliett nayo huandikwa kwa t mbili, ili msomaji wa Kifaransa asiimeze t ya mwisho.

Hekima hii si ngeni kwetu. Huko Yakusu, mtoni chini ya Kisangani, Walokele walipeleka habari kwa lokole, yaani ngoma ya gogo lililochongwa. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyetoa kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949, alieleza kwamba gogo hutoa sauti ya juu na ya chini tu, wala halitamki herufi. Kwa hiyo “mwezi” na “kuku” katika Kilokele husikika sawasawa juu yake. Mpigaji hurefusha basi: mwezi utazamao dunia chini, kuku mdogo asemaye kiokio. Rubani na mpiga lokole wana kanuni moja: penye kelele neno fupi hupotea, neno refu hufika.

Wazazi wanaweza kuwafundisha hata watoto wadogo. Waanze na jina la kijiji, kisha jina la mtoto mwenyewe. Mmoja asimame nyuma ya nyumba, wenzake wapige makofi. Ataje kwanza herufi tupu, halafu maneno yake, na mwingine aandike mchangani. Watapima wenyewe ipi iliyofika salama.

Wala huu si mchezo mtupu. Viwanja viwili vya ndege vya Kisangani, Bangoka na Simisimi, huandikwa FZIC na FZIA. Tofauti yao ni herufi moja: Charlie au Alfa. Mtoto aliyezoea kuitunza herufi moja, kesho atalitaja jina la mgonjwa, au la dawa, nalo litafika kama lilivyotoka kinywani mwake.