Usingizi Hauamrishwi

Usingizi ni mgeni wa ajabu. Asiyemtaka humjia mchana darasani mbele ya mwalimu, na amtakaye humngoja usiku kucha asimwone. Fedha haimnunui, cheo hakimtishi, wala elimu haimdanganyi. Kwa hiyo shauri la kumwambia mtu alale tu ni jepesi kwa msemaji, zito kwa aambiwaye.

Wako, hata hivyo, wanafunzi wanaomfukuza mgeni huyu kwa makusudi. Kukesha na kitabu wakati wa mitihani huhesabiwa ushujaa, na alalaye saa nne huonekana hana hamu ya kufaulu. Ushujaa huo una gharama. Mwishoni mwa mwaka 1963, katika mji wa San Diego, Marekani, kijana wa miaka 17 aliyeitwa Randy Gardner alianza jaribio la kukaa macho. Alipolala, Januari 1964, alikuwa ametimiza saa 264. Siku ya mwisho aliambiwa atoe saba katika mia, kisha saba tena katika baki, aendelee hivyo. Alifika 65 akanyamaza. Alipoulizwa sababu, alijibu kuwa amesahau alilokuwa akifanya.

Walakini Gardner alijua kwamba akilaza kichwa atalala. Mwenye mashaka makubwa zaidi ni yule ajilazaye akakosa. Kwa muda mrefu matabibu wengi waliamini kwamba kukosa usingizi ni kivuli cha huzuni au hofu: huzuni ikiondoka, usingizi utarudi wenyewe. Imani hiyo haikukamilika. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao walitangaza matokeo ya jaribio juu ya wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26 vya Uingereza waliokuwa na taabu ya usingizi. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja likapewa mafunzo ya kuurekebisha usingizi, la pili likaachwa na matunzo ya kawaida. Waliofunzwa walilala vizuri zaidi, na pamoja na hayo dhana mbaya juu ya watu, kuona au kusikia yasiyokuwapo, huzuni na wasiwasi vikapungua kwao. Basi usingizi mbovu nao hutia mkono katika kuiumiza nafsi.

Mafunzo yenyewe hayana uganga. Sehemu yake moja ilielezwa mwaka 1972 na Richard Bootzin, mjuzi wa elimu ya nafsi wa Marekani. Mtu agaagaaye kitandani usiku baada ya usiku, akihesabu madeni yake na saa zilizobaki kabla ya alfajiri, hukizoeza kichwa chake kwamba kitanda ni mahali pa kuhesabu. Hata aje amechoka namna gani, akigusa mto fikra huamka. Kwa hiyo asipande kitandani mpaka macho yawe mazito. Asisome wala asifanye kazi hapo, na siku hizi ni lazima kuongeza simu. Usingizi ukikawia, ashuke aketi pengine, arudi anapousikia tena. Na aamke saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa wa taabu, wala asijilipe kwa kulala mchana. Sharti hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo lenye kazi kubwa: saa ya kusinzia haitawaliki, lakini saa ya kuamka hutawalika, na kadiri mtu akaavyo macho ndivyo uzito wa usingizi uzidivyo.

Shauri la kuhamia chumba kingine, kusema kweli, ni la watu wenye vyumba vingi. Katika chumba cha bweni chenye vitanda vinne, chini ya chandarua, na joto la pwani la mwezi wa Februari, mwanafunzi atahamia wapi? Kiti cha ukumbini au ngazi ya barazani yatosha, maana linalotakiwa ni kitanda kiachwe. Siku za mwanzo huwa nzito, na mwenye kuendesha gari hana budi kujihadhari. Mwenye maradhi ya akili yampandishayo kwa furaha na kumshusha kwa huzuni asianze pasipo tabibu, kwa sababu kwake kupunguza usingizi kwaweza kuyaamsha maradhi. Wengine huona nafuu baada ya majuma machache, wala hawaitambui siku yenyewe. Hukumbuka tu asubuhi moja kwamba jana hawakuhesabu saa.