Asilimia Ishirini ya Mwisho

Mwezi wa Desemba mwaka 2024 Mwenyezi Mungu alinijaalia kufika London kumzuru mwanangu, na siku ya nne zikatujia habari za msiba kwa jamaa zetu walioko Glasgow. Ikatupasa kwenda kuwapa mkono wa taazia. Safari hiyo ni ya maili zipatazo 400, na gari la mwanangu ni la umeme mtupu, halitii hata tone la petroli.

Nakiri kuwa niliingia ndani yake na hofu. Sisi watu wa umri huu tumezoea kwamba petroli ikiisha njiani mtu hushika dumu akenda kwa miguu kuitafuta. Umeme hauchukuliki kwa dumu. Mwanangu akanieleza kuwa betri yake ni ya kilowati-saa 75, na kwamba waliolitengeneza wasema laenda maili 280. Lakini baridi na mwendo wa barabara kuu huzipunguza maili hizo, hata zikabaki kiasi cha 180. Basi ilikuwa hapana budi tusimame mara mbili, kwanza Staffordshire, kisha huko Cumbria kwenye milima, karibu na Penrith.

Hapo Staffordshire nilistaajabu. Mtu hushika waya mnene, huutia garini, hugusisha kadi yake ya benki, basi. Sheria yao ya mwaka 2023 imewalazimisha wenye mashine hizi za kasi kupokea kadi za benki na kuonyesha bei waziwazi. Zamani kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake, na msafiri akihangaika. Kwa dakika 35 betri ilipanda kutoka asilimia 14 hata 80. Mwanangu akachomoa. Nikamwuliza, mbona hukuijaza? Akanijibu, "Baba, kutoka hapo huenda mwendo wa kinyonga."

Betri hizi za lithiamu zikikaribia kujaa hazitaki kusukumwa kwa nguvu, huharibika. Kwa hivyo gari lenyewe hupunguza umeme linaoupokea. Ni kama mtu ajazaye mtungi: mwanzo humimina kwa ndoo, na maji yakifika shingoni hutia kwa kata. Asilimia 20 ile ya mwisho yaweza kula muda mwingi kama yote iliyotangulia.

(Jambo moja lilinikera. Mwaka huo aliyechaji nyumbani kwake alitozwa kodi ya asilimia 5 juu ya umeme, na aliyechaji njiani asilimia 20. Mwenye nyumba na uwanja wa kuegesha gari akapata nafuu, na mpangaji wa ghorofani akalipa zaidi.)

Tulipofika Cumbria tulikuta mashine nne, moja mbovu. Tukapata nafasi. Kutoka hapo hata Glasgow zilibaki maili 115, na kwa asilimia 80 tungefika bila ya shaka. Lakini mimi nikaona mawingu juu ya milima, nikamwambia mwanangu, "Jaza kabisa." Akasema, "Baba, huenda wakaja watu." Nikamwambia hapana mtu. Yeye ni mwana mwenye adabu, akanyamaza.

Nikaenda kusali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, rakaa mbili mbili, kama wafanyavyo wasafiri. Kisha nikaagiza chai, nikaagiza na ya pili, maana mlikuwa na joto humo na kiti kilikuwa kizuri.

Tulipotoka palikuwa na gari limengoja upande mmoja. Watu wa magari haya hawapangi foleni kama ya petroli. Kila mmoja hukaa garini mwake akitazama. Ndani yake alikuwamo kijana na mama yake mtu mzima sana, amejifunika makoti mawili. Betri yao ilikuwa imebaki asilimia 4, na kijana alikuwa amezima joto la gari ili isizidi kuisha. Walikuwapo hapo zaidi ya nusu saa.

Nikamwendea, nikamwambia kwa Kiingereza changu hiki kibovu, "Utuwie radhi, tulikuwa tukisali." Akasema haidhuru, na akaongeza kwamba ni vizuri kusali. Mama yake akaniinamishia kichwa kwa heshima.

Ndugu msomaji, sala yangu ilichukua dakika kumi. Iliyobaki ilikuwa chai. Nimefundisha watoto miaka arubaini maana ya ukweli, na hapo nikaitumia sala kama pazia.

Tulifika Glasgow usiku. Kioo cha gari kilionyesha imebaki asilimia 36. Mwanangu alikiona, nami nilikiona, na hapana aliyesema neno.

Siku ya kurudi tulisimama kituo kile kile. Palikuwa patupu. Nilikaa ndani ya gari, macho yangu kwenye kioo, na ilipofika 79 nikamwambia mwanangu ateremke akachomoe.