Bowling Green: Mji wa magari ya faiba na vumbi linalorudi nyumbani

Anayetoka Nashville kwa gari kuelekea kaskazini, kwa barabara kuu ya I-65, huendesha kama saa moja kabla ya kuona jengo la njano lenye umbo la koni, na mnara mwekundu ukichomoza kama msumari. Hapo ni Bowling Green, jimbo la Kentucky, Marekani. Jengo hilo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa ya Corvette. Jirani yake kipo kiwanda ambacho tangu mwaka 1981 kimekuwa kikiunda magari hayo.

Corvette si gari la familia. Lina viti viwili tu, na mwenye watoto watatu atabaki kulitazama. Hata hivyo familia hazikauki hapa. Watoto wengi wanataka kuona sehemu moja: pale ardhi ilipofunguka.

Alfajiri ya Februari 12, 2014, sakafu ya jengo la koni ilititia. Shimo lenye upana wa takriban mita 12 na kina cha mita 9 likameza magari manane. Makumbusho yalikuwa yamefungwa, hakuna aliyeumia. Mji huu umekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyotobolewa na maji kwa karne nyingi, na pango lilikuwa chini ya sakafu muda wote huo.

Magari matatu yalifufuliwa. Mojawapo ni jeupe la mwaka 1992, Corvette ya milioni moja kuundwa. Wafanyakazi wa kiwandani walikuwa wameandika majina yao kwenye vipande vyake, kwa hiyo mafundi hawakuweza kung'oa tu kilichovunjika na kufunga kipya. Ilibidi wahangaike kuokoa saini hizo. Lilikamilika mwaka 2015. Jeusi la mwaka 1962 lilisubiri hadi 2018. Matano yaliyobaki yameachwa yalivyopondeka.

Hayo matano ndiyo ya kutazama kwa makini. Bodi ya gari la bati ikigongwa hukunjamana. Hizi zimepasuka, na kwenye mipasuko zimechomoza nyuzi, kama ukingo wa mkeka uliochanika. Ni nyuzi za kioo. Corvette za kwanza ziliundwa kwa mkono mjini Flint, Michigan, mwaka 1953. Zilikuwa 300 tu, zote nyeupe. Kutengeneza kalibu za chuma za kukandamizia bati kulihitaji fedha nyingi na muda mrefu, na magari yalikuwa machache. Kampuni ikachagua faiba: nyuzi za kioo zilizoloweshwa kwenye utomvu wa kiwandani uitwao rezini, kisha ukakauka na kuwa mgumu. Nyuzi hufanya kazi ya nondo, rezini hufanya kazi ya zege.

Faiba haili kutu, na ni nyepesi. Kwa ujazo uleule, chuma kina uzito wa takriban mara nne hadi tano ya faiba. Lakini anayeuziwa boneti ya faiba asidanganyike na hesabu hiyo, kwa sababu faiba hufanywa nene zaidi ya bati ili isipinde, na sehemu ya nafuu hupotea hapo. Tena Corvette ya zamani ina fremu ya chuma chini inayobeba kazi yote. Kwenye magari mengine, bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Kubadili boneti au bampa ya kufunga kwa bolti ni jambo moja. Kukata paa lililochomelewa ukaweka la faiba ni jambo jingine kabisa, na gari la namna hiyo halifai kupakia mtoto.

Pamoja na hayo, wapenzi wa magari ya zamani wanaipenda faiba kwa kuwa inarekebishika nyumbani. Mtu hununua kipande kipya cha bodi, au karatasi ya nyuzi na kopo la rezini, na kazi inaanza kwenye gereji iliyoungana na nyumba. Anayejua kununua hugeuza kipande aangalie upande wa ndani. Kilichotandazwa kwa mkono kina nyuzi zinazokwaruza. Kilichokandamizwa kwa mashine ni laini pande zote mbili.

Ndani ya makumbusho yote yanang'aa, na hakuna harufu. Kwenye gereji harufu ndiyo hupokea mgeni. Ni kali, yenye utamu fulani, na hutokana na kemikali iitwayo staireni iliyomo kwenye rezini. Ikijaa chumbani huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na macho kuwasha. Mwaka 2018 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda kwa kiasi kikubwa vikasababisha saratani kwa binadamu. Hadina, dawa ya kugandisha rezini, ni hatari kwa namna nyingine: tone moja jichoni linaweza kuharibu uwezo wa kuona. Likiingia, jicho lisafishwe kwa maji yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali hata kama maumivu yamepungua. Mabaki ya rezini iliyokwisha kuchanganywa yasitupwe kwenye pipa la takataka kabla hayajapoa. Hupata moto yenyewe, na huweza kuwaka.

Kisha kuna vumbi la msasa. Nyuzi za kioo za bodi za magari kwa kawaida ni nene mno kufika ndani kabisa ya mapafu, lakini huwasha ngozi, koo na macho. Mwasho humfanya mtu aoge, na hiyo ni nafuu. Vumbi linalotisha zaidi haliwashi. Rangi nyingi za magari ya zamani zilikuwa na madini ya risasi, na fundi akikwangua ili afunge kipande kipya, vumbi lake hukaa kwenye shati, nywele na viatu. Baba anaingia ndani, mtoto anamrukia. Mtoto anayetambaa anaokota yaliyodondoka zuliani na kupeleka mdomoni. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mara nyingi mtoto haonyeshi dalili yoyote. Kipimo cha damu ndicho husema.

Bowling Green inakijua kipimo hicho. Mji huu umepokea wakimbizi kwa miongo kadhaa: Wabosnia, watu wa Myanmar, na familia nyingi za Kikongo, kiasi kwamba Kiswahili cha Uvira au Bukavu husikika kwenye foleni za madukani. Mwongozo wa afya wa Marekani unataka watoto wakimbizi wapimwe risasi kwenye damu wanapowasili, na wadogo warudie miezi mitatu hadi sita baadaye. Marudio hayo yapo kwa sababu mtoto anaweza kufika salama, akaipata risasi katika makazi mapya. Mzazi asione usumbufu akiitwa kliniki mara ya pili.

Rezini na hadina hizo si za Kentucky peke yake. Ndizo zinazotumika kwenye bampa na boti za faiba Dar es Salaam na Mombasa, mara nyingi kando ya njia wanayopita wanafunzi. Fundi anaweza kupunguza mengi bila gharama kubwa: kupiga msasa wa maji badala ya mkavu, kuvaa miwani, glavu na barakoa ya kuchuja vumbi (ambayo haizuii harufu ya rezini), kuvua nguo za kazi kabla ya kuingia ndani, na kuzifua peke yake, mbali na nepi na sare za shule.

Atakayefika Bowling Green na familia atenge siku ya pili kwa ajili ya Mammoth Cave, pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, lenye zaidi ya kilomita 680 zilizopimwa. Lipo kaskazini mashariki mwa mji, mwendo wa chini ya saa moja. Ndani ni baridi ya nyuzi 12 hivi hata katikati ya kiangazi, kwa hiyo sweta za watoto zisiachwe hotelini.