Kengele ya rimu

Jamani, mwezi uliopita sisi wanne wa kujitolea tulitoka kambini Mahama, tukalala Biryogo kwa dada mmoja wa kwetu. Alfajiri hatukusikia adhana, na msikiti wa Al-Fatah, wa tangu 1913, uko pale karibu. Mzee muuza chai akatueleza: Machi 2018 vipaza sauti vilikatazwa hapa Nyarugenge, sababu ya kelele. Sasa watu wanaamshwa na simu. "Tumezoea, wanangu," akasema, halafu akanyamaza.

Sisi hatujazoea. Kijijini kwetu Burundi, kengele ya kanisa ilituambia ibada, ndoa, msiba. Mama zetu walijua ni nini kwa mapigo tu. 2015 tuliondoka usiku, haikupigwa.

Kambini tulitundika rimu ya gari kwenye mti, tukawa tunaigonga kwa chuma kuita watu kusali. Shida ni kwamba hata siku za mgao iligongwa hiyo hiyo. Jumapili moja bibi mmoja alikuja mbio na gunia tupu, akatukuta tunaimba. Alikaa chini, akalia. Tangu siku ile, ya kusali tunagonga tatu, polepole, kama kule nyumbani.