Modemu kwenye Ncha ya Mwanzi

Mpwa wangu ameikuta modemu yangu kwenye droo akadhani ni flashi. "Ina GB ngapi hii, mjomba?" Kijana anasoma chuo, analala na laptopu kitandani, na hajui kwamba zamani laptopu ilikuwa na laini yake yenyewe.

Kabla ya modemu tulihangaika na simu. Unachomeka Nokia kwa waya, unaandika "internet" kwenye nafasi ya APN na *99# kwenye nafasi ya namba, halafu unasubiri. GPRS ilipitisha kama kilobiti 40 kwa sekunde siku ikiamka vizuri, na mtu akikupigia tu, data inasimama mpaka mmalize salamu.

Nilikuwa nikienda Kikole, Kilwa, kwa kazi za msitu. Kijiji hicho na wenzao wa Kisangi walipata cheti cha FSC, kile cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009 kwa misitu yao yenye mpingo, ule unaotengenezewa klarineti huko Ulaya, na cheti kinataka maandishi: kila gogo lina namba yake, na kila namba lazima iingie kwenye jedwali. Jedwali nilitakiwa kulituma. Ningeapa modemu niliinunua mwaka huohuo wa cheti, ila risiti inasema 2010. Haidhuru.

Mtandao ulisoma kwenye baraza la duka moja tu, upande wa magunia ya ufuta. Mwenye duka, Mungu amrehemu, alikuwa mzee mwembamba wa kofia ya viua, asiyewahi kugusa kompyuta. Vocha alizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, na hakuruhusu mteja azikwangue mwenyewe. "Mtazichubua namba, mwalimu, kisha mje kunigombeza." Alikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, akanisomea tarakimu nne nne. Chaji tulipata kwa betri ya gari na inveta iliyolia kama nyuki, na ililipiwa kabla ya kuchomeka.

Siku taa ya modemu ilipogoma, alitoka uani na mwanzi. Akakata kipande cha mpira wa baiskeli, akaifunga modemu kwenye ncha, nami nikaunga waya mrefu wa USB. Akauinua mwanzi juu ya makuti, akawa anauzungusha kidogo kidogo, macho kwenye taa, mpaka kijani kikatulia. "Hapohapo! Tuma!" Jedwali likaondoka. Taa ya bluu, ile ya 3G, mimi niliiona Kilwa Masoko tu. Hadi leo nikinusa ufuta mbichi uliochanganyika na mafuta ya taa, natafuta mistari ya mtandao.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Zain ikawa Airtel. Modemu zilizofungiwa laini moja zikapata mafundi wa kuzifungua pale Kariakoo. Mwaka 2015 Halotel wakaingia na minara yao vijijini, simu za kupangusa zikashuka bei, na modemu zikaishia kwenye droo. Tumerudi kwenye simu, safari hii bila waya. Kasi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni bando la siku: unalipia leo, kesho saa kama hii limekufa na data yako ndani yake, na hakuna anayeona ajabu.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, barabara ikakatika Somanga, na tarehe 12 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zikakatika chini ya bahari. Mistari imejaa kwenye simu, intaneti haifunguki. Nikampigia mtoto wa yule mzee, ndiye mwenye duka sasa, anauza bando kwa simu na kopo halipo tena. Nikamuuliza kwao hali ikoje.

"Mtandao unasumbua," akasema.

Unasumbua vipi, kwa wote au kwa laini moja? Hajui, hakujaribu laini nyingine. Baba yake angekuwa ameshauchukua mwanzi.