Siku Kumi za Kunyamaza



Mwezi uliopita hamkukuta maneno yetu mahali pake pa siku zote, na baadhi yenu mmetuuliza habari. Habari ni hii: tulikuwa tumelala nyumbani, shavu limevimba kama papai, kwa ajili ya gego.

Gego lenyewe lilikuwa lile la mwisho, la chini, upande wa kushoto, waliitalo jino la hekima. Kwa watu wengi huota kati ya miaka 17 na 25. La kwetu lilikosa nafasi, likalala ubavu ndani ya taya likimsukuma jirani yake. Likanyamaza miaka mingi, kisha likaanza kutoa usaha. Daktari wa meno akatuonyesha picha, akasema koleo peke yake halitafaa: sharti ufizi upasuliwe, mfupa uchongwe kidogo, na jino likatwe vipande. Tulipigwa sindano ya ganzi, dawa iitwayo lidokeini, ambayo Nils Löfgren aliitengeneza huko Uswidi mwaka 1943, wala hatukusikia kisu. Tulimkumbuka Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 249 baada ya kuvunjwa meno. Yeye hakupata sindano.

Lakini kazi ya daktari ni ya saa moja, na ya nyumbani ni ya siku nyingi. Kwanza tuliuma kitambaa safi cha hospitali kwa nusu saa, hata damu ikakatika. Damu igandayo shimoni ndiyo kifuniko chake. Ikitoka, mfupa hubaki wazi, na maumivu yake huja siku ya tatu au ya nne, makali kuliko ya jino. Kwa hiyo siku ya kwanza tulikatazwa kusukutua, kutema mate kwa nguvu, kunyonya kwa mrija, na kuvuta tumbako. (Neno hili la mwisho halikutuhusu sisi, ila lawahusu baadhi yenu, nanyi mwajijua.) Baada ya saa 24 ndipo tukaanza maji ya vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi katika bilauri moja, kila baada ya kula, nayo hayasukumwi kwa nguvu, bali huachwa yadondoke yenyewe. Uvimbe ulizidi hata siku ya tatu, mama wa nyumbani mwetu akaogopa. Lakini daktari alikuwa ametuambia mapema kwamba ndivyo utakavyokuwa, na kwamba turudi kwake mbio endapo damu haikatiki, au homa yapanda, au kumeza kwawa kugumu. Siku ya nne ukaanza kushuka.

Tulikula uji wa ulezi uliopoa, mtori, na ndizi mbivu zilizopondwa. Nayo ilikuwa Kwaresima, na wageni wengine walilitazama bakuli letu la saa nne asubuhi kwa jicho la pembeni. Kanisa halimfungishi mgonjwa. Hata ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo, sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yamsamehe mgonjwa na yule amwuguzaye. Twaandika haya kwa kuwa twawajua Wakristo waachao vidonge siku ya kufunga, wakidhani ni utakatifu.

Kilichotuuma kuliko jeraha ni kunyamaza. Wakatekumeni wetu walikuwa wakingoja ubatizo wa Pasaka, na mafundisho hayakuwa yamekwisha. Tukawa twaandika somo katika daftari, na mama wa nyumbani akiwasomea barazani, nasi tukisikiliza kitandani, tukitamani kusahihisha na tusiweze.

Siku ya tatu akaja binti mmoja wa darasa hilo na mtoto wake wa miezi sita, ana homa na anaharisha. Pamoja naye alikuja mama mkwe wake. Bibi huyo alifunua midomo ya mtoto, akatuonyesha vinundu vyeupe katika ufizi, akasema ni yale meno ya plastiki, na kwamba yuko fundi kijijini ayachimbuaye. Walikuja kutuaga tu, waende.

Tulitikisa kichwa. Bibi akasema, "Mwalimu, wewe mwenyewe umekatwa ufizi juzi, nasi tumekuja kukupa pole. Mbona wa mjukuu wangu wakatazwa?"

Neno hili lilikuwa zito, na kinywa kilikuwa hakifunguki. Tukalivuta daftari, tukaandika kwa haraka, mama wa nyumbani akasoma: Letu lilikuwa jino bovu, lilionekana katika picha, likatolewa kwa ganzi na vyombo vilivyochemshwa. Hayo ya mtoto ni chonge zake, nzima kabisa, hazijatokeza bado. Na karibu nazo zimelala mbegu za meno ya ukubwani. Achimbuaye kwa kisu au spoku ya baiskeli huziharibu zote mbili, tena huingiza uchafu katika damu, na watoto wamekufa kwa hayo. Homa ina sababu nyingine, twende ikatafutwe.

Bibi hakujibu. Tukajifunga kitambaa shavuni, tukawatangulia njiani mpaka zahanati, bila kusema neno. Walipompima mtoto, wakakuta malaria. Akapewa dawa ya mseto, na chumvichumvi ya kunywa kwa ajili ya kuharisha. Siku ya nne alikuwa ananyonya vizuri.

Nyuzi zetu zilitolewa siku ya kumi, na jioni ile ile tukarudi barazani, sauti ikikwaruza. Yule binti alibatizwa usiku wa Pasaka, na mtoto wake pamoja naye. Bibi alikuwapo, ingawa yeye hajaomba mafundisho. Kila asubuhi angali akiutazama ufizi wa mjukuu wake. Tumemwambia kwamba chonge huota kati ya miezi 16 na 22, naye amesema atahesabu.